Tarikhi ya Besi na Mabwawa ya Watu

Sisi tuliozaliwa karibu na bahari hatukupata kuwaza kwamba samaki ni kitu cha kupandwa. Bamvua huja likaondoka, maji mafu yakafuata, kaskazi ikapisha kusi, na mvuvi aliyetega dema lake juu ya mwamba hulipandisha alfajiri pasipo kuuliza ni nani aliyemtia changu baharini, kwa kuwa jibu lake amelijua tangu chuoni. Kwa hiyo niliposikia mara ya kwanza kwamba katika nchi ya Marekani wako watu, tena si haba, ambao huchimba bwawa katika ardhi yao wenyewe, wakangoja mvua ilijaze, kisha wakamwagiza mchuuzi awaletee kwa lori samaki waliokwisha kukua, hai, wa kulipiwa kwa uzani kama ilipiwavyo nyama buchani, nilidhani nafanyiwa mzaha. Haukuwa mzaha. Ilikuwa ada yenye umri uliopita karne moja na nusu, yenye mabingwa wake, gharama zake, makosa yake na mabishano yake. Na samaki aliyependwa kupita wote katika ada hiyo ndiye huyu ambaye tarikhi yake nakusudia kuieleza.

Jina lake lina taabu kidogo. Wamarekani humwita kwa tamko ambalo likiandikwa kwa hati yetu huwa "basi", na mwandishi akisema kwamba mkulima wa Alabama alitia mabasi mia bwawani mwake, msomaji atakwenda kutazama abiria waliozama. Mimi nitamwita besi. Ukoo wake una watu kadha wa kadha, lakini mwenye shani ni yule wa kinywa kikubwa, ambaye taya lake hupita nyuma ya jicho, hata mtu wa pwani akimwona anapofumbua kinywa humkumbuka chewa papo hapo. Mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana utepe mweusi uliokatika-katika, tumbo lake ni jeupe, na maskani yake ya asili ni maji matamu ya mashariki na kusini mwa Amerika ya Kaskazini, tangu Maziwa Makuu na mabonde ya Mississippi mpaka vinamasi vya Florida. Watu wa kusini kwa muda mrefu walimwita trauti, ambaye si ndugu yake kwa baba wala kwa mama. Wataalamu nao hawakufanya vizuri zaidi: mwaka 1802 Mfaransa Lacépède alipata mmoja wa ukoo huu ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limevunjika, akakidhani kile kipande kuwa pezi zima, akauita ukoo wote kwa neno la Kiyunani lenye maana ya pezi dogo, na tangu siku hiyo mamilioni ya samaki wenye mapezi timamu hubeba jina la kilema cha mwenzao mmoja.

Ili kuifahamu ada ya kumhamisha, sharti kwanza kufahamu hulka zake mbili. Ya kwanza ni ulafi. Besi hakimbizani na riziki yake; hujibanza kando ya gogo au chini ya majani, ametulia kama asiye na haja, na kiumbe kikipita karibu hufumbua kile kinywa kwa ghafula, maji yakaingia ndani kwa nguvu yakiwa yamechukua mateka pamoja nayo. Samaki wadogo, kamba wa maji matamu, vyura, panya aliyeteleza ukingoni, kifaranga wa bata, wote ni chakula chake, na ndugu zake wa tumbo moja pia, iwapo amewazidi kimo. Hulka ya pili ni ulezi, na hapa ulafi wake hupata ajabu yake. Majira ya machipuko, maji yakishapata joto la nyuzi kumi na sita au zaidi kidogo za Selsiasi, dume hufagia kwa mkia mahali pa changarawe katika kina kifupi, akafanya kiota. Jike huja, hutaga, huondoka. Na dume hubaki pale siku baada ya siku, akiyapepea mayai na kuyalinda, mpaka vifaranga watoke na kuogelea kwa kundi kama wingu jeusi juu ya kichwa cha baba yao. Mayai yenyewe hunata juu ya changarawe. Trauti jike akishikwa na mtu stadi hukamuliwa mayai bakulini, yakachanganywa na manii ya dume, yakatotolewa ndani ya nyumba kwa maelfu, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuwa sanaa ya watu wa Ulaya na Marekani kabla karne ya kumi na tisa haijafika mwisho. Besi hakukubali kukamuliwa. Alitaka kiota chake, dume wake na wasaa wake. Hivyo aliyemtaka besi mahali asipokuwapo hakuwa na tadbiri nyingine ila kumbeba besi mwenyewe, mzima, mwenye kinywa chake na njaa yake.

Wa kwanza kumbeba kwa namna iliyokumbukwa alikuwa mtu wa Wheeling, katika bonde la mto Ohio, aitwaye William Shriver. Reli ya Baltimore na Ohio ilikuwa imefika kwao hivi karibuni, na magarimoshi ya zama hizo yalikuwa yakivuta nyuma ya injini behewa dogo la kuni na maji. Mwaka 1854 bwana huyu aliwatia samaki wachache katika ndoo iliyotobolewa matundu, akaining'iniza ndani ya tangi la maji la injini, ili mtikisiko wa safari uwe ndio unaowapa pumzi, wakavuka milima mpaka Cumberland, katika jimbo la Maryland, na huko akawaachia ndani ya bandari ya mfereji unaopakana na mto Potomac. Yapasa niseme, kwa insafu, kwamba wale walikuwa ni ndugu yake mwenye kinywa kidogo, wala si huyu wetu. Lakini hila ilikuwa ni ileile, na matokeo yake yaliwatia watu wazimu, kwa maana miaka haikupita mingi mto Potomac ukawa na besi kana kwamba waliumbwa nao. Injini moja, ndoo moja, na mto mzima ukabadilika wenyeji wake. Hakuna aliyeuliza waliokuwamo mtoni kabla ya hapo walikwenda wapi.

Jambo hilo lingebaki mikononi mwa watu wa ndoo, lingekwenda polepole; lakini tarehe 9 Februari 1871 bunge la Marekani liliunda idara ya samaki, nayo ikakabidhiwa Spencer Baird, mwanachuoni wa taasisi ya Smithsonian, mtu wa maarifa mengi na tamaa kubwa kwa ajili ya taifa lake. Kusudi la kwanza lilikuwa kuchungua kwa nini samaki wa pwani wanapungua. Kusudi la pili, ambalo ndilo lililoenea, lilikuwa kueneza samaki wa chakula katika kila maji ya nchi ile kubwa, na kwa kazi hiyo yakaundwa mabehewa mahsusi, la kwanza likianza safari mwaka 1881, yakaendelea kuzunguka mpaka mwaka 1947. Napenda kuyafikiri mabehewa hayo usiku. Ndani yake makopo ya maziwa yamepangwa safu kwa safu, kila moja galoni kumi, barafu iko kando, na wajumbe, kama walivyoitwa watumishi wake, wanapita na kata mikononi wakiyachota maji na kuyamimina tena kutoka juu, kopo baada ya kopo, usiku kucha, ili hewa iingie na samaki wasife. Na asubuhi, katika kituo kidogo kisichokuwa na jina kwenye ramani nyingi, mkulima mmoja aliyeomba kwa barua amesimama na ndoo yake akimsubiri samaki ambaye serikali imempa bure.

Besi wa mabehewa hayo, katika siku za mwanzo, hawakutoka katika nyumba za kutotolea. Walitoka katika madimbwi. Mto Mississippi hufurika kila machipuko, ukatapika samaki na mayai yao katika mabonde ya kando, kisha maji yakirudi nyuma hubaki vidimbwi vinavyokauka juani pamoja na kilichomo. Na idara ikawatuma watu wake, hasa huko Quincy katika jimbo la Illinois, kupita na nyavu wakiwaokoa. Waliookolewa wengi walirudishwa mtoni, na fungu lao likapandishwa mabehewani. Ilikuwa ni rehema iliyochanganyika na biashara. Baadaye, katika stesheni kama ile ya Neosho, Missouri, iliyofunguliwa mwaka 1888, mabingwa wakaacha kabisa kushindana na tabia ya samaki: wakachimba mabwawa, wakatia besi wakubwa, wakawaachia madume wafagie viota vyao, nao kazi yao ikawa kungoja lile wingu jeusi litokee na kulichota kabla ndugu wenye haraka ya kukua hawajaanza kuwala ndugu wenye kuchelewa.

Katika kazi ileile ya kueneza samaki Baird alitenda tendo jingine ambalo waandishi wa nchi yake hulitaja kwa haya. Mwaka 1877 aliwapokea karpu kutoka Ujerumani, wakawekwa katika mabwawa ya bustani ya Druid Hill mjini Baltimore, kisha Washington, na watu wakawaomba kwa maelfu ya barua, wakawatia kila mahali, wakaja kujuta walipoona samaki huyo anavyochimbua matope na kuyatia maji giza. Namtaja karpu hapa kwa kuwa nitamhitaji mwisho.

Ama besi, hadhi yake ilipanda kwa kalamu ya mtu mmoja. James Henshall, tabibu kwa kazi na mvuvi kwa mapenzi, alichapisha mwaka 1881 kitabu kizima juu ya samaki huyu, akidai kwamba inchi kwa inchi na ratili kwa ratili hakuna aogeleaye anayempita kwa ushujaa akiwa katika ndoana. Mabwana wa zama zile walikuwa wakiamini kwamba fahari ya mshipi ni ya trauti na samoni peke yao, na besi ni wa watoto wa shamba. Kitabu kikaipindua dhana hiyo. Halafu tarehe 2 Juni 1932, katika ziwa la Montgomery jimboni Georgia, kijana mkulima aitwaye George Perry alimvua besi wa kinywa kikubwa aliyepimwa ratili 22 na wakia 4, ambaye rekodi yake haikufikiwa mpaka mwaka 2009, katika ziwa Biwa la Ujapani. Perry na jamaa zake walimla samaki yule, jambo ambalo wapenzi wa mchezo huo hulisimulia mpaka leo kwa huzuni. Mimi naona walifanya sawa, kwani zilikuwa siku za dhiki.

Dhiki hiyo ndiyo iliyoleta mabwawa. Mashamba ya pamba ya kusini yalikuwa yamechoka, mdudu wa pamba amekwisha kuyapitia, na udongo mwekundu wa Alabama ulikuwa ukichukuliwa na mvua hadi mabonde yakabaki makovu. Upande wa magharibi upepo ulikuwa ukiinua ardhi kavu angani. Mwaka 1935 serikali iliunda idara ya kuhifadhi udongo chini ya Hugh Bennett, na katika mafundisho yake mojawapo lilikuwa kuziba makorongo kwa tuta la udongo ili maji yatuame. Yakatokea mabwawa madogo madogo, eka moja, eka mbili, kila moja mali ya mtu. Ng'ombe walikunywa, shamba likanyweshwa, na mwenye bwawa, kama mwenye bwawa yeyote, akasema: na samaki je? Akachukua ndoo. Akaenda mtoni, akavua besi wawili watatu wakubwa, na wale waitwao samaki-jua, wa aina mbalimbali, akawatia. Mwaka wa kwanza furaha. Mwaka wa pili kimya. Mwaka wa tatu alikuwa na bwawa lililojaa samaki wa kidole gumba, maelfu kwa maelfu, hakuna hata mmoja anayefaa kikaango.

Aliyelitegua fumbo hili alikuwa Homer Scott Swingle, wa chuo cha ufundi na kilimo cha Auburn, Alabama, ambaye hakusomea samaki. Alisomea wadudu, na pengine ndiyo maana aliliona bwawa kama shamba wala si kama kipande cha mto. Pamoja na mwenzake E. V. Smith alijenga mabwawa ya majaribio katika miaka ya thelathini, akatia samaki kwa hesabu, akangoja, kisha akatenda lile ambalo wavuvi wote hulitamani na hakuna anayethubutu: aliyafungulia maji yote yatoke, akamwokota kila samaki, mkubwa na mdogo, akawapima. Alirudia hayo mwaka baada ya mwaka. Kutokana na mizani hiyo aligundua kwamba bwawa lina uwezo wake wa nyama, kama shamba lilivyo na uwezo wake wa mahindi, na kwamba uzani huo hauongezeki kwa kuongeza samaki: ukitia mia utapata mia wanene, ukitia elfu kumi utapata elfu kumi waliokonda, na mizani itasoma karibu sawasawa. Kuongeza uzani kulitaka kitu kingine, nacho ni mbolea. Mbolea ileile ya pamba iliyotiwa majini iliotesha vijimea visivyoonekana kwa jicho, maji yakawa kijani, wadudu wakashiba kwa vijimea, samaki wadogo wakashiba kwa wadudu. Na mkulima akafundishwa kuzamisha mkono mpaka kiwiko, akitazama kama vidole vimepotea machoni au bado vinaonekana.

Lakini hikima yake kubwa ilikuwa katika mpangilio. Alimchagua samaki-jua mmoja, yule mwenye shavu la buluu, awe chakula, kwa sababu huzaa mara nyingi katika kiangazi kimoja na hula wadudu. Akamchagua besi awe mlaji. Akaagiza kwamba vifaranga 1,500 vya shavu-buluu vitiwe kwa kila eka ya bwawa lenye mbolea, kisha vifaranga 100 tu vya besi, shavu-buluu wakitangulia msimu wa baridi na besi wakifuata machipuko. Hesabu hiyo, iliyochapishwa katika taarifa za Auburn za mwaka 1942 na baadaye, inaonekana kavu kama hesabu ya mwanafunzi, illa ndani yake mna saa inayogonga: kwa kuwa shavu-buluu hawa, waliokwisha kukua wakati besi wangali wadogo mno kuwameza, wataanza kuzaa mwanzo wa kiangazi, na wakati huo huo wale besi watakuwa wamefikia kimo cha kuwameza watoto wao. Mtoto wa huyu hukutana na kinywa cha yule siku ileile. Mwaka unaofuata besi huzaa kwa mara ya kwanza, na vifaranga vyao navyo hukuta bwawa lenye wanyama wa kula na wenyeji waliopungua. Swingle aliipa hali hii jina la mizani, akaipimia kwa kulinganisha uzani wa walao wadudu na uzani wa walao samaki, akasema kwamba bwawa zuri lina ratili tatu hadi sita za wale kwa ratili moja ya hawa.

Sasa mtie ndani ya saa hiyo besi mkubwa. Akitiwa katika bwawa jipya pamoja na vifaranga vya shavu-buluu, atawala wazazi kabla hawajawa wazazi, na machipuko yatakapofika hapatakuwa na wa kuzaa chakula. Wakiwa dume na jike, watataga mara moja, na badala ya besi mia waliohesabiwa kwa kila eka bwawa litakuwa na elfu zisizohesabika, wote wenye umri mmoja na njaa moja, wakishindana kwa wadudu ambao walikusudiwa wengine. Na ndoo iliyowaleta kutoka mtoni aghalabu ilileta pamoja nao mgeni asiyetambuliwa, kambare mchanga au samaki-jua wa aina isiyofaa, ambaye baada ya miaka miwili ndiye mwenye nyumba. Hivyo nasaha ya Auburn ikawa dhahiri: vifaranga, kwa hesabu, kwa zamu. Wakulima wengi waliisikia, na ng'ambo pia ikasikika, hata Swingle alipofariki mwaka 1973 mabwawa ya Asia na Amerika ya Kusini yalikuwa yakichimbwa na wanafunzi wake. Wengine hawakuisikia. Mtu aliyechimba bwawa ana umri wa miaka hamsini na mjukuu wa miaka saba, na kifaranga cha besi cha inchi mbili kinataka miaka.

Kutosubiri huko ndiko kulikomrudisha samaki mkubwa, safari hii si kwa ndoo bali kwa fedha. Zilifika zama za mchezo. Mwaka 1959 besi wa Florida, ambao ni wa ukoo wa kukua kupita wenziwao, walipelekwa katika mabwawa ya mji wa San Diego, California, na walipofikia uzani usiozoeleka kila jimbo lenye joto likawataka. Ray Scott, wakala wa bima wa Alabama, alianzisha mashindano ya uvuvi wa besi mwaka 1967, akaunda chama chake mwaka uliofuata, na mwaka 1972 akawashawishi wavuvi wamrudishe samaki majini akiwa hai; naye mwenyewe akawa na ziwa lake huko Pintlala, ambalo alilitunza mpaka likawa mahali ambapo hata Rais George H. W. Bush alikuja kutupa mshipi. Ili kuwarudisha samaki hai watu walijifunza kuwaweka katika matangi yenye hewa, na elimu ya matangi hayo ikawa pia elimu ya malori.

Wachuuzi wa malori hayo wana ustadi ambao singependa kuudharau. Besi hufungishwa chakula siku moja au mbili kabla ya safari ili asiyachafue maji. Husafirishwa miezi ya baridi. Tangi lina oksijeni inayopita kwa mabomba, chumvi kidogo ya kumtuliza, na maji yaliyopozwa. Lori likifika bwawani, mtu mwenye pupa angefungua mlango na kuwamwaga, na mtu mwenye adabu ya kazi huanza kuyachanganya maji ya bwawa na ya tangi taratibu, nusu saa au zaidi, mpaka joto lilingane. Tena hasara yake haionekani siku ile. Besi aliyesukwasukwa huogelea zake vizuri mbele ya macho ya mnunuzi, magamba yake yamepoteza utandu hapa na pale, na baada ya siku nne au wiki akaelea tumbo juu, mwenye lori akiwa mbali.

Nitatoa haki yake samaki mkubwa, kwa maana ana mahali pake. Bwawa lililozidiwa na shavu-buluu wadogo haliponi kwa vifaranga vya besi, kwani wangeliwa siku ya kwanza; hapo besi aliyekomaa ni dawa. Tena iko hila moja ya kisasa inayonivutia, nayo ni bwawa la majike. Besi dume hakui sana. Jike ndiye anayefikia uzani wa fahari. Basi mwenye bwawa hununua besi waliokomaa, kwa sababu wachanga hawapambanuliki jinsia kwa jicho, bingwa akawachagua majike peke yao, wakatiwa bwawani pasipo dume hata mmoja, kwa idadi ndogo, chakula tele, hapana kuzaa, hapana kushindana, kila jike akinenepa kama bibi harusi katika siku zake za kuwekwa ndani. Ni ujanja wa kutisha kidogo. Bingwa akikosea mmoja tu, huyo dume atapata kazi ya kufagia changarawe, na mradi wote utakuwa historia.

Ziwa la Naivasha, nchini Kenya, ambako besi huyu alifika pia, nimeliacha nyuma kwa makusudi, ijapokuwa kwa tarehe lingetangulia. Ziwa lile la Bonde la Ufa, lenye maji matamu ingawa halina mto unaotoka juu ya ardhi, lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole, asiyetosha kuwa kitoweo wala mchezo. Walowezi wa Kizungu waliojenga ukingoni walilitazama, wakaliona kama bwawa lao lililosahauliwa kupandwa. Mwaka 1925 wakatiwa perege, ambao wengine huwaita ngege. Na mwaka 1929 akatiwa besi wa kinywa kikubwa, mwenye asili ya Marekani. Tazama mpangilio ulivyokuwa: mliwa kwanza, mlaji baadaye, kana kwamba walimsoma Swingle aliyekuwa bado hajaanza majaribio yake. Hawakumsoma, walitaka mchezo wa mshipi siku za Jumapili. Besi akastawi, maji yakapungua sana miaka iliyofuata, akapungua nayo, akaletwa tena. Mwaka 1956 wakaongezwa ngege wa aina nyingine, na mwaka 1959 uvuvi wa nyavu wa biashara ukafunguliwa, hata lile ziwa la mchezo likawa riziki ya watu ambao hawakuulizwa lilipopandwa. Yule samaki mdogo wa asili alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Kinywa kilichoshukiwa kinajulikana.

Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Louisiana, ambao kwao wanaishi katika vinamasi vilevile anamoishi besi. Wakazaana, wakayatafuna mayungiyungi na majani ya chini ya maji mpaka sehemu kubwa za ziwa zikawa uwanja mtupu, na besi, aliyekuwa amekaa miaka arobaini katika ugeni akila vya ugenini, akaona chakula cha kwao kimemfuata mpaka Bonde la Ufa. Wataalamu waliopasua matumbo yake katika miaka iliyofuata walikuta kamba kuliko kitu kingine. Kisha mwaka 2001 akaingia karpu, samaki yuleyule wa barua za Baird, safari hii bila barua wala mwaliko, akitokea mabwawa ya juu ya mto, na haikuchukua miaka kumi akawa ndiye mwingi kupita wote. Nyavu za Naivasha zikipandishwa sasa alfajiri huja nzito kwa karpu na ngege. Na besi, akitokea, hutokea mmoja mmoja, mgongo wake ungali kijani, tumboni mwake mna maganda mekundu.